Lisi ya shamba ya miaka kumi Malindi: karatasi nzuri, rasimu mbovu

Huduma tunayoipima hapa ni lisi, yaani mkataba wa kukodi shamba kwa miaka kumi au zaidi, ulioandikwa na wakili, ukapita bodi ya ardhi na kuingizwa kwenye rejista. Mjini Malindi unaupata kwa mawakili, na mara nyingi mteja huletwa na dalali. Swali letu ni moja: unamfaa mkulima wa kilimohai wa Ganda, Kakuyuni, Jilore au kandokando ya Sabaki? Kwa mtu asiye na shamba lake, hakuna kinachoushinda kwa nguvu za kisheria. Ila rasimu zinazozunguka maofisini ziliandikwa kwa ajili ya duka na nyumba ya kupanga, na ukizitia saini zilivyo, rutuba uliyoijenga utamwachia mwenye shamba bure. Tunaupa alama tatu kati ya tano. Ukiongezewa vifungu tutakavyovitaja, unafika nne na nusu.

Tuanze na miaka. Anayetumia mbolea ya dukani anaweza kukodi konde kwa msimu: anatia, anavuna, anaondoka. Samadi haina mwendo huo. Tani tano za samadi iliyooza kwa ekari, yaani kama wilibaro mia za kilo hamsini, hazitoi nitrojeni yake yote masika ya kwanza. Sehemu kubwa hutoka pole pole, msimu wa pili na wa tatu. Tena kichanga cha Malindi kina joto na hakishiki maji, mboji huisha humo upesi, na kazi ni kurudia mwaka baada ya mwaka hadi udongo uanze kubadilika rangi. Anayekodi kwa msimu mmoja kisha akatia samadi anamlimia mpangaji atakayekuja baada yake.

Miti ndiyo inayodai muda zaidi. Mnazi mrefu wa huku kwetu huanza kuzaa kati ya mwaka wa sita na wa nane. Mwembe wa kupandikizwa huanza mwaka wa tatu au wa nne, na mkorosho wa kupandikizwa hutangulia kidogo. Ekari moja hubeba minazi kama hamsini kwa nafasi ya mita tisa kwa tisa, miembe arobaini kwa mita kumi kwa kumi, na mikorosho ishirini na minane kwa mita kumi na mbili. Ukipiga hesabu hiyo, lisi ya miaka mitano yenye miembe ndani yake ni hasara iliyoandikwa na wakili. Kwa mboga na nafaka tunasema kumi. Kwa miti ya kupandikizwa, kumi na tano hadi ishirini. Kwa minazi mirefu, usikodi kabisa isipokuwa kuna kifungu cha fidia.

Masoko ya nje nayo yana saa yao. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka shamba liwe limesimamiwa kwa kilimohai miaka miwili kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza ya miti ya kudumu. Marekani wanataka miezi 36 tangu dawa au mbolea iliyokatazwa itumike mara ya mwisho. Muda huo wote unalima kwa gharama ya kilimohai na kuuza kwa bei ya kawaida. Kwa hiyo kwenye lisi ya miaka mitano yenye miti, miaka mitatu inaweza kuwa ya kungoja.

Kukodi kwa msimu tunakupa alama moja. Kunatosha kwa pojo au kunde, kwa mtu anayejaribu soko. Udhaifu wake unajulikana na kila mtu: konde likinawiri, mwenyewe analitaka.

Ijara ya mdomo, yaani kukodi kwa makubaliano yasiyoandikwa, ni mjadala mpana zaidi, na huwezi kuelewa ardhi ya Malindi bila kuigusa. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa maili kumi wa pwani wayapeleke yaandikwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Familia nyingi za Wamijikenda zilizokuwa zikilima hazikuandikwa, na vizazi vyake vikajikuta ni maskwota au wapangaji wa hiari ya mwenye hati, ambaye pengine hajawahi kuonekana. Juu ya hayo kuna desturi ya pwani ya kutenganisha mti na ardhi: mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na mchanga ukawa wa mwingine. Mwenye ardhi anajua kwamba aliyepanda mnazi atakuja kuudai, basi sharti la kwanza la ijara huwa panda mihogo, usipande mti. Kanuni za misitu ya mashambani za 2009 zilitaka kila shamba liwe na miti kwenye angalau asilimia 10 ya eneo lake. Mpangaji wa ijara anatakiwa na serikali apande, na anakatazwa na mwenye ardhi asipande. Kivuli, matandazo ya majani, ua wa mglirisidia, vyote vinavyoshikilia kilimohai kwenye kichanga, vinakufa hapo.

Sasa turudi kwenye lisi yenyewe, kifungu kwa kifungu, maana thamani iko humo.

Fidia ya maboresho ndiyo inayokosekana mara nyingi kuliko vyote. Kanuni ya jumla ya sheria ni kwamba kilichoshikamana na ardhi kinakwenda na ardhi; desturi ya mnazi haitakuokoa mbele ya hati iliyosajiliwa kama mkataba umenyamaza. Dai jedwali nyuma ya mkataba: miti mingapi, ya aina gani, ilipandwa mwaka gani, kisima, mitaro ya kuzuia maji, ua. Jedwali litiwe saini upya kila mwaka na pande zote mbili. Halafu kiandikwe nani atathamini siku ya kuachana, kwa mfano ofisa wa kilimo wa kaunti pamoja na mtu mmoja wa kila upande. Rutuba ya udongo ni ngumu zaidi kuithamini, lakini haishindikani: pima udongo mwanzoni na mwishoni, kwenye maabara ileile, kwa kina kilekile cha sentimita 20, na mkubaliane mapema kiwango cha kaboni ya udongo kikipanda kitalipwaje. Uingereza, sheria yao ya mashamba ya kukodi ya 1986 inampa mpangaji anayeondoka fidia kwa thamani ya mbolea aliyonunua akaitia na ambayo bado haijaisha ardhini. Kwetu hakuna kifungu kama hicho, kwa hiyo lazima kiwe kwenye mkataba.

Mabua na majani. Kwa mazoea ya huku, mavuno yakitoka konde linakuwa wazi kwa mifugo. Kwa mkulima wa kawaida si kitu. Kwa wa kilimohai, mabua ya mahindi na majani ya kunde ndiyo matandazo na ndiyo mboji ya msimu ujao; kundi moja la ng'ombe likipita siku mbili wakati wa kiangazi, mpango mzima umeliwa. Mkataba useme waziwazi kwamba mabaki ya mazao ni ya mpangaji na kwamba mwenye shamba hatoi ruhusa ya malisho. Ukitaka samadi ya ng'ombe hao, mkubaliane wafungwe zizini usiku pembeni, wala si kuachiwa shamba.

Biwi la samadi litawekwa wapi? Swali linaonekana dogo hadi minazi ya mwenye shamba ianze kukauka moyo. Yule mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, chonga, hutaga mayai kwenye samadi inayooza na kwenye magogo ya minazi iliyoanguka. Biwi lililoachwa miezi kadhaa bila kuguswa ni kitalu chake. Mwenye minazi akijua hilo atakuvunjia mkataba na atakuwa na hoja. Kifungu kizuri kinasema biwi ligeuzwe kila wiki mbili au tatu na mafunza yaokotwe (kuku watamaliza kazi), liwekwe mbali na minazi kadiri shamba linavyoruhusu, na kwa upande wa pili mwenye shamba aondoe au achome magogo yaliyooza. Wajibu uwe wa wote wawili, maana magogo huwa yalikuwepo kabla ya mpangaji.

Dawa. Mwenye shamba asinyunyize dawa ya kuua magugu mpakani wala kwenye miti aliyojibakizia ndani ya eneo ulilokodi. Hili linasahaulika sana pale mwenyewe anapobaki na miembe yake. Dawa ya nzi wa matunda ikipigwa juu ya mwembe mmoja katikati ya konde, hesabu ya miezi 36 inaanza upya. Na jirani hafungwi na mkataba wako, kwa hiyo weka ukanda wa kinga upande wa upepo: huku ni kusi miezi ya katikati ya mwaka na kaskazi mwishoni na mwanzoni, basi pande mbili, si moja.

Kodi ipangwe ipande kwa hatua zinazojulikana tangu siku ya kwanza, iwe chini miaka ya mpito. Kodi inayojadiliwa upya kila mwaka ni kukodi kwa msimu kuliko na jina refu. Na notisi ya kuondoka isikatize msimu: mvua za masika hushika Aprili, mavuno ya mahindi huvuka Julai, kwa hiyo mkataba usiishe kabla ya mwisho wa Agosti. Rasimu nyingi huisha tarehe 31 Desemba kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye mfano wa duka, wakati vuli ingali shambani.

Upande wa hatua za ofisini, mahali pa kwanza panapoharibika ni sachi, yaani kuichunguza hati kwenye rejista ya ardhi. Kwanza, jina. Mara nyingi hati bado iko kwa jina la babu aliyefariki, na anayekukodisha ni mjukuu mmoja kati ya kumi na wawili. Bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, iwe ni ya Kadhi au nyingine, hana cha kukukodisha. Saini za ndugu wote kwa mzee wa mtaa hazitoshi. Pili, wakf. Malindi na Lamu zina ardhi nyingi ya wakf, nayo haiuzwi. Mazungumzo yake ni na Tume ya Wakf au mutawali (msimamizi wa wakf), hata kama wanaoishi hapo wanajiita wenyewe. Tatu, historia ya hati. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Dina Management, iliyohusu kiwanja cha Pwani, kwamba hati haimlindi mnunuzi ikiwa ilivyopatikana mwanzoni haikuwa halali. Sachi ya ukurasa mmoja inakuonyesha leo tu. Omba wakili achimbe hadi mgao wa kwanza, hasa kwa mashamba yaliyo karibu na ufuo.

Mipaka: ramani ya rejista huonyesha mipaka ya jumla, haipimi hadi sentimita. Mpeleke mpima ardhi atembee na majirani kabla ya kutia saini, na mkigombana, mjue kwamba mahakama haitasikiliza kesi ya mpaka kabla Msajili wa Ardhi hajaamua.

Kisha bodi. Ardhi ya kilimo haikodishwi kihalali bila ridhaa ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, inayoongozwa na Naibu Kamishna wa Kaunti. Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba utiwe saini. Yakipita, mkataba ni batili kabisa. Pesa ulizolipa unaweza kuzidai kama deni, lakini hakuna mahali sheria inapokurudishia samadi. Hili ndilo kosa tunaloliona baya kuliko yote kwenye huduma hii, kwa sababu ni rahisi kuliepuka. Ofisi ikikwambia bodi tutaiona baadaye, tafuta ofisi nyingine. Bodi haiwezi kukubali ukodishaji kwa mtu asiye raia wa Kenya, bila msamaha maalumu wa Rais, na wala kampuni haisaidii iwapo mwenye hisa mmoja si raia. Malindi ilivyo na wageni wengi, Waitaliano hasa, mashamba mazuri ya kilimohai yamesimama juu ya karatasi ambayo bodi haikuigusa. Mkulima Mkenya anayeingia ubia na mgeni aangalie nani ndiye mpangaji kwa jina.

Baada ya ridhaa kuna ushuru wa stempu: asilimia 2 ya kodi ya mwaka kwa lisi inayozidi miaka mitatu, asilimia 1 kwa fupi zaidi. Shamba la shilingi 60,000 kwa mwaka linalipa 1,200, kiasi ambacho hakimzuii mtu. Gharama halisi ni wakili, mpima na safari. Hati ipigwe stempu ndani ya siku 30, la sivyo kuna adhabu.

Mwisho wa njia ni rejista. Lisi ya miaka miwili au chini, isiyo na haki ya kuongezwa, haihitaji kusajiliwa. Juu ya hapo isajiliwe, au mnunuzi mpya wa shamba atakutoa bila kukuuliza. Usisubiri cheti: kwa lisi isiyozidi miaka 25 hutolewi cheti cha lisi. Ushahidi wako ni ingizo kwenye sehemu ya tatu ya rejista, ile ya mizigo iliyo juu ya ardhi. Fanya sachi ya pili baada ya usajili na uhakikishe namba ya ingizo, muda na jina lako. Wanaoruka hatua hii hugundua miaka mitatu baadaye kwamba karatasi zilibaki kwenye faili la wakili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni moja tu.

Kwa cheti cha kilimohai, lisi iliyosajiliwa inasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Alama ya Kilimohai, inayotumia kiwango cha Afrika Mashariki cha 2007, hutolewa pia kwa vikundi vinavyokaguana vyenyewe, na jambo la kwanza wanalotaka ni ramani ya shamba na historia ya kilichotiwa humo. Mpangaji mpya hana historia hiyo. Mwenye shamba ndiye anayo. Mwambie aiandike kama kiapo na ifungwe pamoja na mkataba, na kiwepo kifungu kinachowaruhusu wakaguzi waingie wakati wowote wa mchana. Kwa soko la Ulaya, kikundi kinatakiwa kiwe na hadhi ya kisheria na kisizidi wanachama 2,000. Mwanachama anayelima kwa ijara ya mdomo ndiye anayekiangusha kikundi siku anapofukuzwa na shamba lake kuingia mikononi mwa mwenye bomba la dawa.

Bidhaa nyingine kwa ufupi. Barua ya mgao kwenye skimu za makazi, iwe Magarini au upande wa Lamu kule Hindi na Mpeketoni, si hatimiliki. Mahakama ya Juu ilisema hivyo 2023 katika kesi ya Torino: barua ni ofa tu hadi masharti yatimizwe na usajili ufanyike. Ukikodi kwa mwenye barua, huwezi kusajili chochote. Alama mbili, na mbili zote ni kwa sababu wenye barua hawafukuzwi kirahisi. Ardhi ya jamii chini ya sheria ya 2016 ingeweza kuwa bora kuliko lisi yetu: jamii iliyosajiliwa inaweza kutenga eneo la kilimohai lote kwa pamoja, tatizo la jirani mwenye dawa likaisha. Lakini mkataba wa uwekezaji humo unahitaji theluthi mbili ya mkutano wa jamii, na penye orodha ya wanachama isiyokamilika mkutano huo haufanyiki. Kununua? Ukiweza, nunua, ila usinunue ekari moja kwa pesa ambazo zingekodi tano na kuzijaza mboji.

Nusu alama iliyobaki haiko mikononi mwa wakili. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 2009 ilikiri dhuluma za pwani, na Kenya ina mkakati wa kilimo-ikolojia wa 2024 hadi 2033, lakini sera hizo mbili hazijakutana mezani. Yanayohitajika ni machache na hayana gharama kubwa: mfano rasmi wa lisi ya kilimo, kwa Kiswahili, wenye jedwali la fidia ya miti na udongo, ruhusa ya kisheria kwa mpangaji wa muda mrefu kupanda miti bila kupandisha dai la ardhi, ili mwenye ardhi aache kuogopa, na bodi kukubali lisi za vikundi kwa ombi moja badala ya kila mtu na safari yake. Kaunti ya Kilifi inaweza kuanza na la kwanza bila kusubiri Nairobi.

Asiyefaa kuichukua huduma hii ni anayekodi chini ya ekari moja kwa mboga za majani. Gharama ya wakili itameza faida ya misimu miwili. Huyo aandikiane na mwenye shamba mkataba wa miaka miwili usio na haki ya kuongezwa, mashahidi wawili, aombe ridhaa ya bodi ndani ya ile miezi sita, na asitie humo samadi zaidi ya atakayoweza kuivuna kabla ya Agosti ya pili.